Siku gitaa langu lilipobaki na nyuzi nne

Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumanne jioni mpiga besi aliacha kupiga katikati ya wimbo, akaegemeza gitaa lake kwenye spika, akasema: "Mimi na huyu dogo hatuwezi kukaa nyumba moja. Kila nikiweka mguu, nakuta wake."

Huyo dogo nilikuwa mimi. Mwezi wa nane, mwaka 2016, kwenye stoo moja ya Kirumba, Mwanza, tuliyokodi kwa mazoezi, karibu kabisa na mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kiasi kwamba upepo wa ziwa ukigeuka chumba chote kinanuka dagaa. Baba wa bwana harusi alikuwa ameomba nyimbo tatu za kucheza wazee: "Sex Machine" ya James Brown ya mwaka 1970, "Good Times" ya Chic ya mwaka 1979, na moja ya vijana ili wasinune, "Get Lucky" ya Daft Punk ya mwaka 2013. Nilidhani ni kazi ndogo. Nilikuwa nazijua kodi zote. Nasema kodi za gitaa, noti kadhaa zinazolia pamoja, si ile ya pango ambayo pia tulikuwa tunadaiwa.

Nilivyokuwa napiga ni hivi. "Sex Machine" iko kwenye E flati, yaani E iliyoshushwa nusu sauti. Nilibana freti ya 11, nafasi ya 11 kwenye vile vyuma vya shingo ya gitaa, kwa kidole cha shahada, nyuzi zote sita, umbo lile la E tunalofundishwa wote mwanzo, nikaongeza ya saba. Wimbo ukihama kwenda A flati, nateremka na umbo lilelile hadi freti ya 4. Safari ya freti saba kwenda, saba kurudi. Kila nikifika nimechelewa kidogo, na kila nikifika nashusha mzigo wa sauti sita kwa mpigo, mbili za chini zikiwa palepale besi na kinanda walipo. Ukisimama nje ya stoo ulikuwa husikii gitaa wala besi, unasikia ngurumo.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa na desturi ya kuja kukaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi za dansi miaka mingi, kabla viungo vya vidole havijamvimba. Mara nyingi hasemi kitu. Siku hiyo alinyoosha mkono.

"Lete hilo gitaa, mwanangu."

Nilimpa nikijua atanionyesha kitu. Badala yake alishika kifunguo cha uzi wa sita, ule mnene kabisa, akaanza kukilegeza. Akautoa. Akaja wa tano, akautoa pia. Alizikunja zote mbili duara kama waya wa kutegea ndege, akaniwekea mfukoni mwa shati.

"Sasa piga."

Haikupigika, na sababu yake ni vizuri niieleze kwa sababu itamkuta yeyote atakayejaribu. Gitaa langu lina daraja linaloelea, lile lenye springi nyuma na mkono wa kutikisia sauti. Nyuzi zinavuta upande mmoja, springi zinavuta upande mwingine, vinatulia vikilingana. Ukitoa nyuzi mbili nene, springi zinashinda, daraja linalala nyuma, na nyuzi nne zilizobaki zinapanda sauti, tena kila moja kwa kiasi chake. Nikityuni ya kwanza, ya nne inahama. Mpiga ngoma, ambaye mchana ni fundi seremala, alifungua kifuniko cha nyuma, akakata kipande cha ubao wa kasha la samaki na kukishindilia kati ya kile kitalu cha chuma na ukuta wa shimo, upande wa springi. Daraja likaacha kulala. Nikatyuni mara mbili, ikakaa.

Mzee akaniuliza kama nimewahi kuimba kwaya. Nani Mwanza hajaimba kwaya? Basi akanifundisha kwa sol-fa, yale majina ya noti d, r, m, f, s, l, t, na ta ambayo ni t iliyoshushwa nusu sauti, na mpaka leo sijaona njia nyepesi zaidi ya kumweleza mtu kodi ya tisa. Akaniambia nitaje noti za ile kodi yangu ya nyuzi sita kutoka chini kwenda juu. Nikahesabu: d, s, ta, m, s, d. "Umesema d mara mbili na s mara mbili," akasema. "Hizo nne anazo mwenye besi, anazo mwenye kinanda. Zinazoiambia kodi yako jina lake ni mbili tu, m na ta. Na ile inayoifanya inukie, r, huna kabisa."

Hiyo r, noti ya pili ikipandishwa juu ya ta, ndiyo ya tisa. Fanki, muziki huo wa mapigo wa James Brown, bila hiyo ni sawa na sato bila ndimu. Tulianzia kwenye E kwa sababu ndiko watu wengi wanakoanzia, kwa umbo linalokaa nyuzi nne nyembamba pekee. Uzi wa nne freti ya 6, hiyo ni m. Uzi wa tatu freti ya 7, ta. Uzi wa pili freti ya 7, r. Uzi wa kwanza freti ya 7, s. Kidole cha shahada kinashika ile ya 6 peke yake, kidole cha pete kinalala juu ya zile tatu za 7. Ukiwa na nyuzi zote sita, kidole cha kati huongezwa kwenye uzi wa tano freti ya 7 kwa ajili ya d, na vitabu vyote vinaionyesha hivyo. Mimi uzi wa tano sikuwa nao, ulikuwa mfukoni.

Kidole cha pete kilinisumbua zaidi ya kitu chochote jioni ile. Uzi wa pili ulikuwa haulii. Unabonyeza kwa nguvu zaidi, haulii vilevile, na mkono unauma. Kosa halikuwa nguvu. Mkunjo wa kiungo cha kwanza cha kidole ulikuwa umeangukia juu ya uzi wenyewe, na pale kwenye mkunjo hakuna nyama ya kubonyezea. Mzee alikisogeza kidole changu juu milimita tatu hivi, akakiinamisha kidogo upande wa kucha, kiungo kikapinda kinyume. Uzi ukalia. Wenye kiungo kisichopinda kinyume inabidi walale na upande wa kidole, inawezekana, ila inachukua siku zaidi.

Kisha mkono wa kulia. Hapa ndipo watu wanapojidanganya kwamba fanki ni kodi ngumu. Kodi ni moja, tena inakaa dakika nzima haihami. Kazi iko kwenye ukwaruzaji. Mtu anayetajwa siku zote ni Jimmy Nolen, aliyeingia kwa James Brown mwaka 1965 na kupiga gitaa la "Papa's Got a Brand New Bag". Namna yake Wamarekani waliipa jina la kuku anavyoparura ardhi, na ukisikiliza pale bendi nzima inaposimama gitaa likabaki peke yake, ni kuku kweli. Mkono wa kulia hausimami. Unakwenda chini juu chini juu mara 16 katika mzunguko mmoja wa pigo nne, hata pale ambapo hakuna sauti inayotakiwa. Kinachochagua lipi lilie na lipi likwaruze tu ni mkono wa kushoto: ukibonyeza, kodi inatoka, ukilegeza bila kuacha nyuzi, inatoka "chk".

Kuhesabu 16 kwa namba kulinishinda, ulimi ulikuwa unajikwaa kwenye "kumi na moja". Mzee akasema tuachane na namba. "Jiji letu lina wilaya mbili, zote zina silabi nne. Sema: Nyamagana, Ilemela, Nyamagana, Ilemela."

Jaribu. Nya chini, ma juu, ga chini, na juu. I chini, le juu, me chini, la juu. Maneno manne, pigo nne, silabi 16. Ila kuna mtego ambao hata yeye aliucheka ulipotokea. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mdomo unasema NyamaGAna, IleMEla, na mkono unafuata ulimi. Mkazo wangu ukawa unaangukia mkwaruzo wa tatu wa kila neno, wimbo ukaanza kuchechemea kama taarabu iliyokosea njia. James Brown alidai mkazo uwe kwenye ile moja, pigo la kwanza kabisa la mzunguko. Dawa ikawa kulisema neno la kwanza kana kwamba nagombana na mtu, NYA-magana, na matatu yanayofuata nayaachia yaende kwa sauti ya kawaida.

Akanipa zoezi la hatua. Dakika kumi za kwanza, kodi ilie kwenye NYA moja tu, silabi 15 zilizobaki ziwe mkwaruzo mtupu. Halafu ongeza "la" ya mwisho, ile ya juu inayogongana na NYA inayofuata. Hiyo ndiyo inayomsukuma mcheza dansi mgongoni. Halafu ongeza "le" ya Ilemela ya kwanza. Usiongeze ya nne mpaka hizo tatu zijiendeshe huku ukizungumza na mtu. Mpiga besi ndiye aliyepewa kazi ya kunisemesha. Aliniuliza bei ya mchele wa Magugu, na kila nilipojibu mkono ulisimama.

Jambo moja lilijitokeza ambalo sikuwa nimelitegemea. Nikilegeza kidole kwenye freti ya 7, badala ya "chk" zinatoka kengele ndogondogo, ting, ting, kama mtu anagonga glasi nyuma yangu. Nilidhani amplifaya ina hitilafu. Kumbe freti ya 7 ni theluthi ya urefu wa uzi, na ukigusa uzi hapo kwa wepesi unatoa sauti yake ya ndani. Freti ya 5 na ya 12 zina tabia hiyohiyo. Kidole kimoja kikigusa, kengele. Viwili vikigusa sehemu mbili tofauti, sauti inakufa. Kwa hiyo nikalegeza kidole cha pete na wakati huohuo nikalaza cha kati juu ya nyuzi zilezile, nyuma yake kidogo. Kengele zikanyamaza. Tulipohama kwenda E flati, kila kitu kikarudi nyuma freti moja, kidole cha pete kikawa juu ya 6, na tatizo likapungua lenyewe.

Kuhusu vifaa, mzee alikuwa na msimamo ambao sina sababu ya kuupinga. Amplifaya: besi kwenye 3, kati kwenye 5, trebo kwenye 7, na kile kitufe cha kukwaruza sauti kiwe kimezimwa. Pekapu, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, ya kati ikiunganishwa na ile ya shingoni. Pleki, kile kibao cha kukwaruzia nyuzi, niliyokuwa natumia niliichonga kutoka kwenye kadi ya benki iliyoisha muda, na kadi hizo zina unene wa milimita 0.76. Si mbaya kwa solo, lakini kwa mkwaruzo wa 16 inakwama kwenye nyuzi kama kasia kwenye magugumaji. Alinichongea nyingine kwa mkasi kutoka mfuniko wa kopo la siagi. Laini, inapinda, inateleza. Iliisha makali baada ya siku mbili. Mfuniko mmoja unatoa pleki nane.

Saa mbili kasoro hivi umeme ulikatika. Mpiga kinanda akaondoka zake. Sisi wanne tukabaki na mwanga wa simu, na nakiri kwamba nusu ya niliyojifunza nilijifunza gizani. Gitaa la umeme likiwa kavu halina pa kuficha kitu. Mkwaruzo mchafu unausikia, uzi unaoponyoka unausikia.

Tukaingia "Sex Machine" yenyewe. Waliopiga gitaa na besi mle ni ndugu wawili wa Cincinnati, Catfish Collins na mdogo wake Bootsy, vijana waliochukuliwa mwaka huohuo wa 1970 baada ya bendi ya zamani ya James Brown kugoma kwa ajili ya malipo. Mpiga besi wetu aliipenda sana habari hiyo, akairudia kwa kiongozi wa bendi siku iliyofuata kwa sauti ambayo haikuwa ya utani.

Sehemu kubwa ya wimbo ni E flati ya tisa: uzi wa nne freti ya 5, na 6, 6, 6 kwenye tatu zilizobaki. Mzee alinionyesha kuongeza kidole cha mwisho kwenye uzi wa kwanza freti ya 8, kinaingia kinatoka. Kikiingia, s inageuka kuwa l, kodi inakuwa ya kumi na tatu. Hivyo tu, kuingia na kutoka, ndiyo maneno yote ambayo gitaa linayo kwa dakika kadhaa.

Halafu inakuja ile sehemu ambayo James Brown anaiomba bendi impeleke, sehemu ya katikati, ambayo kwa lugha ya wanamuziki inaitwa daraja. Mpiga besi ni mtu wa Sengerema. "Sisi daraja hatulijui," akasema, "sisi tunajua kivuko." Mwaka ule watu wa ng'ambo bado walikuwa wanapanga foleni Kigongo na Busisi na Kamanga wakisubiri pantoni, daraja limekuja baadaye. Basi kwenye bendi yetu sehemu hiyo ikaitwa kivuko, na bado inaitwa hivyo.

Kivukoni tunakwenda A flati. Nikaanza kunyanyua mkono kutafuta umbo lilelile kwa mbali, freti ya 10, mzee akanishika kifundo. "Unakwenda wapi? Kaa. Rudisha viwili."

Kidole cha shahada, uzi wa nne, kutoka freti ya 5 kwenda ya 4. Uzi wa tatu, kutoka 6 kwenda 5, huo unachukuliwa na kidole cha kati. Kidole cha pete hakitoki kwenye nyuzi mbili za juu, 6 na 6, kama vile hakijasikia kwamba wimbo umehama. Nikapiga. A flati ya kumi na tatu, imekamilika, na mkono haujasafiri hata sentimita tatu.

Nikamwomba nirudie polepole ili nione kilichotokea. Nyuzi mbili za juu zina F na B flati. Kwenye E flati hizo ni r na s. Besi akihamia A flati, noti hizohizo, bila kuguswa, zinageuka kuwa l na r. Zile mbili zinazoshuka nusu sauti ndizo zilizonifanya nicheke peke yangu gizani. Uzi wa nne ulikuwa na m ya E flati. Ukishuka freti moja unakuwa ta ya A flati. Uzi wa tatu ulikuwa na ta; ukishuka unakuwa m. Zimebadilishana viti. Noti mbili zinazoipa kodi jina lake zinapokezana kazi kwa kusogea freti moja tu, na yote yanawezekana kwa sababu kuna mtu mwingine, mwenye nyuzi nene, anayesema d iko wapi.

"Sasa umeelewa kwa nini nilikunyang'anya zile mbili," mpiga besi akasema. Aliyezinyang'anya si yeye, lakini tulimwachia.

Ujanja huu ni wa kila mahali, na ukishauona kwenye E flati uhamishe. Kutoka E ya tisa, 6-7-7-7, kwenda A, unakuwa 5-6-7-7. Kutoka D ya tisa, 4-5-5-5, kwenda G, unakuwa 3-4-5-5. Nilitumia usiku ule kuupeleka funguo zote hadi freti ya 10, na huko juu kidole cha pete kinaanza kukosa nafasi kwa sababu freti zimesogeleana.

Mzee akiwa amenyoosha miguu alikumbuka Novemba 1969, soul, muziki wa Wamarekani weusi, ilipopigwa marufuku mkoa wa Pwani, enzi hizo Dar es Salaam ikiwa ndani ya mkoa huo. "Huku tulikuwa mbali," akasema, "tukaendelea kuisikiliza kwa sauti ya chini." Na akasema kwamba yeye hakujifunza kupunguza nyuzi kwa Wamarekani. Kwenye dansi ukiwa na solo, solo la pili, ridhimu na besi kwenye jukwaa moja, na kila mmoja akapiga nyuzi sita, watu wanakwenda nyumbani. James Brown alipokuja Kinshasa Septemba 1974 aliwakuta Wakongo wanalijua hilo zamani, wakilipiga kwa njia yao.

"Good Times" ilikwenda haraka. Mzunguko wake ni E maina ya saba (maina ni kodi ambayo m yake imeshushwa nusu sauti), kisha A. Nile Rodgers, mpiga gitaa wa Chic, anapiga vipande vya kodi, mara nyuzi tatu, mara mbili, na mkono wa kulia hausimami kama tulivyokwisha sema. Njia ya mkato tuliyotumia: nyuzi tatu nyembamba, ya tatu freti ya 7, ya pili 8, ya kwanza 7. Hiyo ni E maina ya saba bila E yenyewe; Bernard Edwards anayo kwenye besi, na mtu wetu alikuwa nayo. Ikifika A, shusha uzi wa tatu tu, kutoka 7 hadi 6. Noti moja. Zile mbili nyingine zinakaa, na A inasikika ikiwa na ya saba na ya tisa yake. Ukitaka A iwe nzito zaidi utatafuta umbo lingine, lakini kwenye harusi yenye kinanda sikuona haja.

"Get Lucky" pia ina gitaa la Rodgers, miaka 34 baada ya "Good Times". Kodi nne, mzunguko mmoja kila moja: B maina ya saba, D, F shapu maina ya saba, E. Mimi nilikuwa naziruka zote nne kwa umbo la kubana. Mzee hakuujua wimbo huo kabisa. Aliusikiliza mara mbili kwenye simu yangu, akauliza besi inapiga noti gani, akafumba macho kidogo, akasema kodi mbili za kwanza ni moja. Nikabisha. Akanipigisha: uzi wa tatu freti ya 7, wa pili 7, wa kwanza 5. Hizo ni D, F shapu na A. Besi akipiga B chini yake, ni B maina ya saba. Akipiga D, ni D. Mkono wa kushoto haufanyi lolote, unasubiri. Ya tatu ni 6-5-5, ambayo yenyewe ni A tupu, ila besi akiwa kwenye F shapu inageuka kuwa F shapu maina ya saba. Ya nne ni 4-5-4, E.

Angalia uzi wa kwanza peke yake: 5, 5, 5, 4. Uzi wa pili: 7, 7, 5, 5. Ukiimba mstari mmoja wa hiyo ni sauti ya kwaya, mwanakwaya yeyote angeishika mara ya kwanza. Hatari yake ni kwamba gitaa likipigwa hivi bila besi, kodi zinasikika si zenyewe, kwa hiyo ukifanya mazoezi peke yako chumbani weka wimbo wenyewe upige juu yake, la sivyo utadhani umekosea.

Kasi ya wimbo ni pigo 116 kwa dakika, maana yake mkono wa kulia unapita kwenye nyuzi mara 464. Nilianza na 60, nikapanda kwa tano tano. Kwenye 90 bega likaanza kukaza. Mzee akanigusa kiwiko: nilikuwa napiga kwa mkono mzima. Unapiga kwa kifundo, kama mtu anayekung'uta maji baada ya kunawa, na pleki isiingie kwenye nyuzi zaidi ya ncha yake. Ijumaa usiku nilifika 116 nikiwa nimelegea, kwa dakika mbili hivi, kisha nikaanza kukaza tena.

Jumamosi nilipiga na nyuzi nne. MC wa shughuli alikuwa mzee wa kanisa, akasita kuutaja wimbo wa kwanza kwa jina lake, akautangaza kama "ule wa Inukeni". Wazee waliinuka. Kivukoni niliingia mapema mara moja, nikasogeza vile vidole viwili besi akiwa bado E flati, na kwa sababu hizo ndizo noti zinazoitaja kodi, kosa lilisikika ukumbi mzima kama mtu aliyekaa kwenye kiti kisichokuwepo. Mpiga besi hakunitazama. Aliongeza mzunguko mmoja, akanifuata.

Jumatatu nilirudisha nyuzi. Nilivyozikaza, nne zile nyingine zikashuka, maana ule ubao unazuia daraja kulala nyuma lakini hauzuii kuinuka mbele. Nilityuni mara nne. Kisha nikagundua kazi mpya: ncha ya kidole cha shahada lazima iguse uzi wa tano kidogo ili usivume, na dole gumba lipite juu ya shingo liuzibe wa sita. Wiki nzima nilikuwa nausahau huo wa sita, nikautoa tena.

Muuza duka wa jirani aliuona mezani, akauomba wa kukatia miche ya sabuni. Kesho yake alinirudishia. Uzi wa sita umesokotwa kwa waya juu, unaacha michirizi kwenye sabuni, wateja wanadhani imeliwa na panya. Akaniuliza kama sina ule mwembamba kabisa, wa kwanza.

Nikamwambia huo natumia.